Landrova lenye kutu: mtaji au mzigo?

SOMO LA WIKI

Katika nyua nyingi za Dar es Salaam, Tanga, Morogoro na Arusha yamo magari ya zamani yaliyokaa juu ya mawe kwa miaka, na mengi kati ya hayo ni Landrova. Mwenye gari amestaafu au amefariki, familia inataka uwanja uwe wazi, na mfanyabiashara anayejulikana kuwa na akiba kidogo anaitwa kuja kutazama. Bei anayotajiwa huwa ndogo ikilinganishwa na bei ya gari la aina hiyo linalotembea. Hapo ndipo wengi hutoa fedha kabla ya kupiga hesabu.

Matokeo yake yanaonekana katika gereji. Magari yaliyofunguliwa nusu, milango imeegemezwa ukutani, injini iko kwenye gunia, na mwenye mali ameacha kupita kwa sababu fedha imekwisha. Gari la namna hiyo huuzwa kwa bei ya chini kuliko lilivyokuwa kabla ya kuguswa, kwa kuwa mnunuzi wa pili hajui vipi vimepotea. Kwa mwenye duka la kawaida, hasara hiyo ni mtaji wa mzunguko uliokuwa ujaze rafu.

Somo la wiki hii linaeleza jinsi ya kuamua mapema kama gari la zamani lenye kutu lifufuliwe, lipasuliwe liuzwe vipande, au liachwe palepale. Mfano unaotumika ni Landrova za "Series", kwa kuwa ndizo zinazopatikana kwa wingi na zina soko linaloeleweka.

Soko lake ni lipi

Landrova la kwanza lilioneshwa Amsterdam mwezi Aprili 1948. Series II ilifuata mwaka 1958, Series IIA mwaka 1961, na Series III ilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Kwa miongo mingi lilikuwa gari la serikali, la misheni, la mashamba na la mbuga za wanyama. Tangu biashara ya nje ilipoanza kulegezwa katikati ya miaka ya 1980, magari yaliyotumika kutoka Japani yaliingia kwa wingi, na Landrova nyingi zikaanza kuegeshwa.

Hata hivyo, kuegeshwa si kufa kwa soko. Uzalishaji wa Defender, mrithi wa moja kwa moja wa magari hayo, ulisimama Januari 2016, na tangu hapo magari ya umbo la zamani yamezidi kutafutwa. Oktoba 2024 lilifanyika jijini Arusha tamasha la magari ya Land Rover. Wateja waliopo ni wa makundi matatu: wanaoyapenda kama kumbukumbu, wenye shughuli za utalii na harusi wanaoyakodisha, na watu wa mashambani ambao bado wanayatumia kwa kazi.

Makundi hayo hayalipi bei moja. Mpenzi wa magari ya kale hulipia uhalisi: injini ya asili, namba zinazolingana, bodi isiyobadilishwa. Mtu wa shamba hulipia breki na giaboksi, na hana haja na vingine. Mfanyabiashara asiyejua anamtengenezea nani atajikuta anagharimia rangi ya mteja wa kwanza na kupokea bei ya mteja wa tatu.

Kutu iko wapi

Watu wengi huamini kwamba Landrova haliozi. Imani hiyo ina ukweli nusu. Baada ya Vita Kuu ya Pili chuma kilikuwa cha mgao huko Uingereza, na watengenezaji wakaamua kutumia alumini kwa sehemu kubwa ya bodi. Alumini haishiki kutu nyekundu. Lakini chasisi inayobeba kila kitu ni ya chuma, na ukuta unaotenganisha injini na chumba cha dereva, ambao milango hufungiwa, nao ni wa chuma. Kwa hiyo gari linaweza kuonekana zima kabisa kwa nje, ilhali linalolishikilia limeliwa.

Chasisi hiyo ni mfano wa sanduku refu lililofungwa. Maji na tope huingia ndani yake na kukaa, na kutu huanza upande usioonekana. Inapofika nje, bati limekwisha kuwa jembamba kama karatasi. Ndiyo maana malengelenge madogo kwenye rangi si jambo dogo: mara nyingi ni mwisho wa safari ya kutu, si mwanzo wake.

Sehemu za kukagua kwanza ni hizi:

1. Boriti ya nyuma ya chasisi, pale panapofungwa kifaa cha kuvutia tela. Tope la miaka hujazana humo.

2. Mikono ya pembeni inayotoka kwenye chasisi kushikilia bodi na ukuta wa mbele.

3. Mahali springi zinapofungwa, mbele na nyuma. Kutu hapa ni hatari kwa maisha, kwa sababu springi ikichomoka gari haliongozeki.

4. Sakafu ya miguuni kwa dereva na abiria, na nguzo zenye bawaba za milango.

5. Mahali alumini inapogusana na chuma. Penye unyevu na chumvi ni alumini inayoliwa, ikigeuka unga mweupe.

Aidha, historia ya gari ina uzito. Chumvi huharakisha kutu, hivyo gari lililoishi Tanga au Mtwara karibu na bahari, na zaidi lile lililobeba samaki wabichi wakidondosha maji ya chumvi, hukaguliwa kwa ukali kuliko lililoishi Dodoma au Singida. Gari lililoegeshwa juu ya majani mabichi huoza chini kuliko lililoegeshwa juu ya saruji.

Vifaa vya mkaguzi

Ukaguzi wa saa mbili hauhitaji mtambo. Unahitaji jeki imara na magogo ya kuzuia, tochi, sumaku ndogo, nyundo nyepesi na bisibisi kuukuu.

Nyundo hugongwa taratibu kila baada ya sentimeta chache kando ya chasisi. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa mlio mzito uliozibika. Panapotiliwa shaka, bisibisi husukumwa kwa nguvu ya mkono. Ikipenya, hapo pana tundu, hata kama rangi inang'aa. Muuzaji anayekataa jaribio hilo amekwisha kutoa jibu.

Sumaku hutambua puti. Kwenye bati la chuma lililozibwa kwa puti nene, sumaku haishiki. Lakini kwenye Landrova mkaguzi asiichanganye hesabu: sumaku haitashika kwenye mabawa na milango kwa sababu ni alumini. Itumike kwenye chasisi, ukuta wa mbele na nguzo za milango.

Kutu yenyewe ni ya madaraja matatu. Daraja la kwanza ni kutu ya juu, inayoondoka kwa brashi ya waya na msasa, na chuma kikabaki kizima. Daraja la pili ni kutu ya magamba, ambayo imepunguza unene wa bati. Hapo hesabu ianze kuwa ya tahadhari. Daraja la tatu ni matundu. Bati lenye matundu halitibiwi kwa rangi wala puti. Hukatwa mpaka kufikia chuma kizima, kisha huchomelewa kipande kipya. Mara nyingi chuma kizima kiko mbali kuliko ilivyodhaniwa, na hilo ndilo huvunja bajeti.

Kwa magari mengine ya kale, kama Peugeot 504, kanuni ni kali zaidi. Gari hilo halina chasisi ya peke yake. Bodi ndiyo inayobeba uzito wote. Mwanya wa mlango ukiwa mpana chini na mwembamba juu, au mlango ukining'inia ingawa bawaba ni nzima, pengine gari limeanza kujikunja katikati, na kulinyoosha ni kazi ya fundi bingwa.

Karatasi kabla ya nyundo

Gari zuri lisilo na karatasi ni chuma chakavu chenye magurudumu. Namba ya chasisi iliyopigwa kwenye chuma ilinganishwe na ile iliyoandikwa kwenye kadi ya gari. Kwenye Landrova nyingi za Series namba hiyo imepigwa mbele kulia, kwenye kipande kinachoshikilia springi. Sehemu hiyo ni miongoni mwa zinazooza. Fundi akiikata na kuitupa bila kumbukumbu, utambulisho wa gari umetupwa pia.

Kama mwenye gari amefariki, anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si mtoto mkubwa wala shemeji anayeishi kwenye nyumba. Mnunuzi aone barua ya usimamizi kabla ya kutoa hata kishika uchumba. Kadhalika, mpango wowote wa kubadilisha chasisi au injini uulizwe kwanza kwa Mamlaka ya Mapato (TRA), ambayo ndiyo yenye daftari la magari.

Hesabu yenyewe

Chukua mfano wa mwenye duka la vipuri anayeoneshwa Series III fupi kwa shilingi 6,000,000. Bisibisi imepenya kwenye boriti ya nyuma, mikono miwili ya pembeni na sakafu ya dereva. Injini imeganda. Bei zifuatazo ni za mfano tu, ili kuonesha njia. Kila mnunuzi aweke za kwake baada ya kuuliza mafundi wawili au watatu.

Kulibeba hadi gereji: 400,000
Kuchomelea chasisi: 3,200,000
Ukuta wa mbele na sakafu: 1,800,000
Injini na giaboksi: 4,500,000
Breki, springi na bushi: 2,200,000
Nyaya na taa: 900,000
Matairi matano: 1,750,000
Viti, vioo na turubai: 1,600,000
Rangi: 2,500,000
Kadi, ukaguzi na bima: 350,000
Jumla ya matengenezo: 19,200,000

Makosa ya kwanza hufanyika hapa, kwa kuichukua jumla hiyo kama ndiyo mwisho. Kutu haijafunguliwa bado. Kwa gari lenye matundu ni busara kuongeza asilimia 30 kwa ajili ya yatakayoonekana baadaye, yaani 5,760,000. Matengenezo yanafika 24,960,000.

Makosa ya pili ni kusahau kwamba fedha ina kodi yake. Tuseme kazi itachukua miezi 15, na fedha hiyo ingewekwa dukani au kwenye hatifungani ingeleta asilimia moja kwa mwezi. Bei ya ununuzi imefungwa muda wote: 900,000 zimepotea. Fedha ya matengenezo hutoka kidogo kidogo, hivyo ihesabiwe nusu yake: 1,872,000.

Bei ya kununua: 6,000,000
Matengenezo pamoja na akiba: 24,960,000
Faida iliyokosekana kwingine: 2,772,000
Jumla: 33,732,000

Iwapo gari la aina hiyo likiwa safi huuzwa 28,000,000, hasara ni 5,732,000, na mwenye duka hajajilipa senti kwa muda wake. Ukirudi nyuma kwa hesabu hiyohiyo, bei ya juu kabisa ambayo angeweza kulipa bila hasara wala faida ni kama shilingi milioni moja. Milioni sita iliyoonekana rahisi ilikuwa mara sita ya uwezo wa gari.

Ikumbukwe kwamba ile 28,000,000 lazima iwe bei iliyolipwa, si iliyotangazwa. Tangazo ni matumaini ya muuzaji. Mwekezaji atafute angalau mauzo matatu yaliyokamilika, na achukue ile ya chini.

Gari ghali lililo rahisi

Sasa tuseme mtaa wa pili kuna Series III kama hilo, linatembea, chasisi inalia vizuri kwa nyundo, kutu ni ya juu tu, na mwenyewe anataka 18,000,000. Linahitaji matengenezo ya 4,000,000. Ukiongeza asilimia 30 ya tahadhari ni 5,200,000. Kazi ni ya miezi minne, na faida iliyokosekana kwingine ni 824,000. Jumla ni 24,024,000. Likiuzwa 28,000,000, faida ni 3,976,000.

Gari la bei mara tatu ndilo lililoleta faida. Sababu ni moja: thamani kubwa ya gari la kale iko kwenye chuma kizima na uhalisi, na vitu hivyo ni ghali kuvirudisha kuliko kuvinunua vikiwa bado vipo. Injini hupatikana. Matairi hupatikana. Chasisi mpya iliyochovywa kwenye zinki nayo hutengenezwa Uingereza hadi leo, lakini ukijumlisha nauli ya meli, ushuru wa forodha, VAT na kazi ya kulivua gari lote na kulivika upya, ni magari machache yanayoweza kurudisha gharama hiyo.

Njia ya tatu

Gari lililoshindwa hesabu ya kufufuliwa halijawa takataka. Katika mfano wa kwanza, tuseme vipande vyake vingeuzwa hivi: injini 1,200,000, giaboksi 1,500,000, difu na ekseli zake mbili 1,600,000, milango na mabati ya alumini 1,400,000, springi na rimu 600,000, chuma cha chasisi kwa kilo 100,000. Jumla ni 6,400,000. Ukiondoa 400,000 za kulibeba, zinabaki 6,000,000.

Kwa hiyo kwa bei aliyotajiwa, hata kulipasua hakuna malipo: fedha yote imerudi kwa muuzaji, na vipande vitakaa stoo miezi vikisubiri wateja. Likipatikana kwa 3,500,000 au 4,000,000, biashara ipo, hasa kwa mtu ambaye tayari ana gari zima linalohitaji milango au giaboksi. Hivyo ndivyo mafundi wengi wazoefu hufanya: gari bovu huponya gari zima. Angalizo ni kwamba kadi na namba ya gari lililopasuliwa visiuzwe kwa mtu wa kuvibandika kwenye gari jingine. Hilo ni kosa la jinai, na jina la muuzaji wa kwanza ndilo litakaloanza kutafutwa.

Ukiamua kulifufua

Kwa gari lililofaulu hesabu, utaratibu hulinda mtaji kuliko ustadi. Kazi ya chuma itangulie, kisha mitambo, kisha nyaya, na rangi iwe ya mwisho. Mwenye haraka ya kuona gari likimeta hupaka rangi mapema, na moto wa kuchomelea huja kuiunguza.

Fundi alipwe kwa hatua, si kwa mkupuo. Hatua ikikaguliwa kwa nyundo na tochi, ndipo malipo ya hatua inayofuata yatoke. Kila kipande kinachovuliwa kiandikwe na kuwekewa alama. Picha zipigwe kabla ya chasisi kufunikwa, kwa kuwa mnunuzi wa kesho hawezi kuona ndani ya chuma kilichopakwa rangi. Picha na stakabadhi ndizo zitakazomfanya aamini na kulipa bei kamili.

Mwekezaji aweke pia kikomo kabla hajaanza. Matengenezo yakifika kikomo hicho na kazi bado, swali lisiwe "nimekwisha kutumia kiasi gani?" Fedha iliyotoka haitarudi kwa kuongezwa nyingine. Swali liwe: kuanzia leo, kiasi kilichobaki kutumika ni kidogo kuliko ongezeko la bei litakalopatikana? Kama sivyo, liuzwe lilivyo siku hiyohiyo.

Gari la baba

Lipo gari moja ambalo hesabu hii hailiamui. Ni lile la baba au babu, ambalo familia inataka lirudi barabarani kwa sababu ya jina lake. Hakuna ubaya kutumia milioni 30 kwa gari la milioni 28 ikiwa ndicho familia inachotaka na uwezo upo. Ila gharama hiyo iandikwe kwenye daftari la nyumbani pamoja na harusi na ujenzi, isichotwe kutoka kwenye mtaji wa duka kwa kisingizio cha uwekezaji.

Kwa mengine yote, mfanyabiashara aende na nyundo, bisibisi, kalamu na bei tatu za mauzo ya kweli. Chasisi ikilia vizuri na karatasi zikilingana, ajadili bei. Bisibisi ikipenya, apige hesabu ya vipande tu, ataje bei hiyo, na asipoipata arudi dukani na fedha yake.